Jiwe la Mama Mkwe

Mama Sifaeli, jirani yangu tunayepakana naye ukuta kwa ukuta, anasema jiwe lilisimama kwanza.

Anasema hakuhadithiwa, aliona. Bibi Nankondo alikuwa anashuka mteremko wa machimbo na jiwe kichwani, pana kama kitanda cha mtoto, anakwenda mbio kama msichana wa miaka kumi na sita. Mkwewe, Mbonea, alikuwa anamsubiri chini, mgongo ameupa ukuta wa ndiva, mikono ameinyoosha mbele. Ndipo jiwe, kwa maneno ya Mama Sifaeli, likatoka kichwani, likasimama hewani, likageuka huku na huku kama mbwa anayenusa. Likawaacha watu kumi na wanane waliokuwa pale, likamchagua Mbonea. Likamfuata polepole, kama linaloijua njia, likambana ukutani mpaka mbavu zikalia.

"Na bibi mwenyewe," ananiambia akishusha sauti, ingawa jikoni tuko wawili tu, "alikuwa anatabasamu."

Amesimulia hivyo mara nne tangu jana. Mara ya kwanza jiwe halikunusa. Tabasamu limeingia leo asubuhi.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa hatua ishirini kutoka pale, daftari mkononi. Jana ilikuwa siku ya msaragambo, kijiji kizima kimetoka kuinua ukuta wa ndiva, lile bwawa letu la kukingia maji ya mifereji, kabla mvua hazijaanza. Kazi yangu ni kugawa kata za kampuni ya Wepesi, zile pete zenye taa zinazopunguza uzito wa mzigo. Kata ya Bibi Nankondo niliifunga mwenyewe. Niliibana chini ya jiwe, nikabonyeza, taa ikawaka kijani, nikaning'iniza jiwe kwenye mizani mbele ya watu. Kilo mia na themanini zikawa kilo moja, ile moja wanayoibakiza ili mzigo usipeperuke. Nikaandika. Bibi akaliweka kichwani kwa mkono mmoja, mkono wa pili akajifuta kamasi.

Hakuwa anatabasamu. Alikuwa ameng'ata ncha ya khanga. Wanawake wote wa Kirindi siku hizi hung'ata khanga wakianza kushuka, na sikuwahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini.

*

Saa tatu asubuhi Bibi Nankondo alikuja msibani kwa Mbonea.

Kwetu mwanamke haingii msibani mikono mitupu. Anakuja na kuni kichwani, anasimama penye mlango wa ua, anasema, "Nipokeeni." Mwanamke wa nyumba ile anatoka, anamtua. Ukishatuliwa, umekuwa wa msiba, utapika, utalia, utatupa udongo kaburini. Usipotuliwa unarudi na kuni zako, na kila mtu njiani anajua.

Alisimama. Mzigo ulikuwa mkubwa kwa umri wake, na hakuwa na kata ya kampuni. Alikuwa na pete ya majani ya mgomba, kama zamani.

"Nipokee, Namkunda," alisema.

Namkunda ni mwanawe wa kuzaa, mke wa Mbonea. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto wa miezi saba mapajani, uso ameugeuzia ukuta. Hakugeuka. Nilikuwa napepeta mchele pembeni na nikaona kisigino chake kinavyokwaruza mkeka, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Nipokee mimi, mama yako."

Shingo ya bibi ilianza kutetemeka. Aliyetoka ni Mzee Kirumbi, baba mkubwa wa marehemu, fimbo kwapani.

"Mama Nankondo, rudi."

"Baba, huyu alikuwa mwanangu pia."

"Wiki mbili zilizopita alikuambia anamhamishia mkewe bondeni. Ulimjibu nini mbele ya watu?"

Bibi aliushika mzigo kwa mikono miwili.

"Nitasema mimi. Ulimwambia, 'Utatangulia wewe kuondoka.' Basi ametangulia." Alikohoa. "Jiwe lile lina kilo moja. Nakiete huyu hapa alilipima, tukaona wote. Kilo moja ya sukari inaua mtu? Saa nane ukoo unakaa ghalani. Saa kumi tunazika. Tukiona ni mkono wako, au ni kitu chako ulichokituma, utalala ng'ambo ya mlima, na huyu mjukuu utamsikia kwa watu."

Bibi aligeuka na kuni zake. Watu walimpisha njia pana kuliko alivyohitaji. Nami nikaendelea kupepeta, na chenga zikadondoka pamoja na mchele mzima.

*

Fundi Lusajo wa Wepesi alinikuta ghalani, tunakotunza kata, saa tano, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma, akapapasa ule ufa.

"Bado hujauziba?"

"Ulisema utaleta saruji, fundi."

Ufa ule ni wa mwezi wa tatu. Siku ile nilikuwa peke yangu, napanga mawe ya majaribio. Nililisukuma moja lenye taa ya kijani ili lipite hewani hadi upande wa pili, nisipate shida ya kulibeba. Nilishangaa lilivyogoma kuondoka. Nikaegemea kwa bega, nikasukuma kama nasukuma ng'ombe, ndipo likaanza, taratibu. Halafu likakataa kusimama. Nililivuta kwa nyuma, likaniburuta, likagusa ukuta. Liligusa tu. Tofali tatu zikapasuka na vumbi la dari likanimwagikia kichwani.

Nilikaa chini nikiliangalia, na nikamkumbuka Mwalimu Mgonja wa darasa la sita. Alituambia kila kitu kina mambo mawili, na watu huyachanganya. Kuna uzito, nao ni dunia inavyokivuta kitu. Na kuna tungamo, wingi wa kitu chenyewe, ambao hauendi popote. Mwezi ni mdogo na mvuto wake ni mdogo, alisema, kwa hiyo jiwe la kilo sita kule utaliinua kama la kilo moja. Lakini ukilipiga teke, vidole vitavunjika vile vile kama hapa Kirindi. Mtu akauliza, "Mwalimu, nani ataenda mwezini bila viatu?" Tukacheka mpaka kengele. Nilifaulu swali hilo kwenye mtihani, nikalisahau.

Kata inazuia mvuto. Ukaidi wa jiwe haiugusi. Kilo mia na themanini za kuanza, kilo mia na themanini za kusimama.

Niliandika yote kwenye daftari na kumwonyesha fundi. Alisoma mara mbili, akasema nisiwatie watu hofu, ataandika ripoti. Mimi nikanyamaza. Na wiki iliyofuata, kwenye mafunzo ya kijiji, nilisimama mbele ya wote nikasema yale maneno niliyopewa kwenye karatasi: "Mzigo wa Wepesi hata bibi wa miaka themanini anaweza kuupokea." Mbonea alikuwa mstari wa mbele. Alipiga makofi.

"Saa nane watakuita," alisema fundi. "Watauliza uzito. Utasema kilo moja. Si uongo huo."

"Watamfukuza bibi wa watu."

"Watapoa. Watu hupoa. Dada Nakiete, nisikilize." Alikaa juu ya gunia, akavua kofia, na nikaona hajalala. "Ripoti niliandika. Wakubwa hawajanijibu mpaka leo. Lakini mkataba naujua kwa moyo: kikisemwa hadharani kwamba kata imeua, kata zote zinarudi siku hiyo hiyo. Arobaini na mbili. Ukuta wa ndiva umefika nusu, mvua wiki tatu. Maji yakija yatapita juu, mtalima nini kiangazi? Mtanywa nini?"

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua ameanza kusikiliza lini. Mama alibeba maji, kuni na mawe miaka thelathini, mpaka mfupa wa shingo ukasagika na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Kata ilipokuja, mkono ulirudi. Mwaka huu kwa mara ya kwanza amenisuka nywele.

"Nakiete," alisema, "umesikia alichosema fundi?"

"Nimesikia, mama."

"Basi ifikirie na shingo yangu pia."

Akaondoka. Fundi akavaa kofia yake. Nilichukua kitambaa nikaanza kuzifuta kata zilizokuwa pale, moja moja, na nilipomaliza ilikuwa saa nane kasoro.

*

Ghala lilijaa hadi madirishani. Ukoo ulikaa mbele kwenye magunia, wanawake wakasimama nyuma. Bibi Nankondo aliwekwa katikati, kwenye kigoda, kama mtu anayenyolewa.

"Mpimaji," alisema Mzee Kirumbi. "Jiwe lilikuwa na uzito gani?"

"Kilo moja, baba."

Minong'ono. Fundi Lusajo, karibu na mlango, alishusha pumzi.

"Basi tumesikia," alisema mzee. "Ikiwa ni—"

"Baba, naomba nilionyeshe."

"Uonyeshe nini?"

"Jiwe lenyewe. Liko nyuma yangu hapa."

Sikumtazama mama. Vijana walikuwa wamelileta asubuhi kutoka ndivani, na lilikuwa bado na doa upande mmoja. Niliwaomba watu wa kulia wasogee, kwa sababu kule kulikuwa na matofali ya kuchoma yamepangwa kufika kiunoni. Nikaweka kata, nikabonyeza, kijani. Nikaliinua kwa viganja viwili mpaka usawa wa kifua, wanaume wakacheka kidogo, kama wanavyocheka siku zote wakiona hivyo.

"Sasa naachia," nikasema, nikaondoa mikono.

Jiwe lilibaki hewani. Lilikuwa linashuka, ila taratibu mno, huwezi kuona mpaka utazame kivuli. Kilo moja tu ya kulivuta chini, na kilo mia na themanini za kuvutwa. Hapo Mama Sifaeli alikuwa amesema kweli, na alihakikisha tunajua.

"Si niliwaambia lilisimama! Niliwaambia!"

"Na kunusa litanusa saa ngapi?" mtu akauliza nyuma. Kicheko kikapita, kikafa.

Nilizunguka upande wa nyuma wa jiwe, nikaweka bega. Halikutaka. Nikachimba vidole vya miguu kwenye sakafu, nikasukuma mpaka jasho likaniingia machoni, na wale waliocheka wakanyamaza, maana waliona jinsi ninavyohangaika na kitu cha kilo moja. Likaanza. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwendo wa mtu anayetembea, basi. Nikaliachia.

Sikuwa nimemfikiria Senzota.

Senzota ni mdogo wake Mbonea. Tangu jana hajala. Aliruka kutoka kwenye gunia, akasimama mbele ya matofali, mikono ameinyoosha kama kaka yake.

"Michezo gani hii! Kilo moja! Lileteni, nilipokee mimi!"

"Toka!" nikapiga kelele. "Senzota, toka hapo!"

Aliniangalia kwa dharau na akapanua miguu.

Bibi Nankondo ndiye aliyefika kwanza. Sijui aliinukaje kwenye kigoda. Alilirukia jiwe kwa nyuma, akalikumbatia, akang'ata khanga, akakaza visigino, na jiwe likamburuta kama halimjui. Mama akaja. Mama yangu, na shingo yake ile, akashika kiuno cha bibi. Mama Sifaeli akashika kiuno cha mama. Hakuna aliyewaambia. Kila mwanamke aliyewahi kushusha mzigo wa kijani mteremkoni alijua mwilini mwake la kufanya, ila hakuwahi kulisema, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Visigino vyao vilichora sakafu mistari. Mimi nilikwenda kwa Senzota, nikamsukuma kwa nguvu zote, tukaanguka wote wawili juu ya magunia ya maharage.

Jiwe lilifika kwenye matofali. Lilikuwa limepungua mwendo mpaka nusu. Mstari wa mbele ulipasuka, wa pili ukapasuka, na rundo lote likalala chini kwa kishindo kilichowatoa kuku wa nje mbio.

Vumbi lilitanda hadi darini.

"Alinyoosha mikono," alisema Bibi Nankondo. Alikuwa bado amelikumbatia jiwe, shavu lake juu yake. "Nilikuwa nataka kulizungusha, nilipunguze mwendo kidogo kidogo, kama tunavyofanya. Akaniita, 'Shuka tu, mama, nakupokea.' Mkweo akikupokea, utang'ang'ania mzigo? Mbele ya watu? Nikaachia. Ukipokewa unaachia. Nimefundwa hivyo, na huyu Namkunda nimemfunda hivyo."

Namkunda hakuwepo ghalani, mjane hatoki. Lakini niliona wanawake wawili wanachomoka mlangoni, wanakwenda kumwambia.

Mzee Kirumbi alikuwa anaangalia matofali. Alichukua kipande, akakigeuza, akakiweka chini taratibu, kana kwamba kingemuuma.

"Mama Nankondo," alisema hatimaye, "chukua kuni zako uende kwa mwanao." Kisha akanigeukia mimi. "Na jambo hili la jiwe. Nani alikuwa analijua?"

Fundi Lusajo alinitazama. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alinitazama tu, na nikaelewa kwamba angenyamaza, na kwamba ufa ulikuwa nyuma ya magunia, na daftari lilikuwa kwapani mwangu, na ningeweza kusema nimegundua leo.

"Mimi," nikasema. "Tangu mwezi wa tatu."

Watu wa mbele waligeuka wakanitazama. Afadhali wangepiga kelele.

"Ulilijua," alisema Senzota kutoka kwenye maharage, "ukatusomea ile karatasi?"

"Ndiyo."

*

Kata zilirudishwa kabla ya saa tisa. Wanawake walikuja mmoja mmoja, wakazidondosha kwenye sanduku la fundi, na kila moja ilipodondoka taa yake ilizima. Mama aliileta ya mwisho. Aliiweka polepole, akasimama kidogo akijishika bega la kushoto, akaondoka.

Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, nikakata kuni. Nilikata nyingi. Nikasokota pete ya majani ya mgomba. Mikono ilikuwa imesahau, nikaisokota mara tatu. Mzigo ulipokaa kichwani, dunia ilinikumbuka mara moja. Niliuhisi mpaka kwenye magoti.

Pale penye ua, Bibi Nankondo alikuwa mbele yangu. Namkunda alikuwa ameshasimama, mtoto amempa mtu. Bibi hakumaliza hata neno. Namkunda alishika kuni kwa mikono yote miwili, akazitua, na hapo hapo akamwangukia mama yake, na bibi akashuka naye chini, na kilio walichokitoa ukikisikia huwezi kusema kipi ni cha mama na kipi ni cha mtoto. Nilingoja. Ilibaki robo saa wazike, wanaume walikuwa wameshashika jeneza.

Walipoinuka, wanawake wote waligeuka wakaniona. Mama alikuwa miongoni mwao, kwenye chungu cha maharage, mwiko mkononi. Mama Sifaeli alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufunga.

Namkunda alinikaribia mpaka nikaiona chumvi ya machozi iliyokaukia shavuni. Mikono yake ilikuwa inaning'inia. Shingo yangu ilianza kutetemeka, na majani mabichi yakawa yananichuruzika maji nyuma ya sikio.

"Nipokee, dada," nikasema.